Mlio wa Mheshimiwa

Sehemu ya tisa

Kidole kiko palepale tulipokiacha wiki iliyopita, juu ya kitufe chekundu, na kitufe kimebonyea mpaka mwisho. Ambulensi iko kimya.

Dereva, yule tunayemwita Taratibu, alibonyeza tena. Kikasikika "ta". Basi.

"Kimeharibika?" mkunga aliuliza kutoka nyuma.

"Jana jioni kilikuwa kinalia vizuri tu."

"Basi leo kimepatwa na nini?"

Msomaji mmoja ameniandikia kunilaumu kwamba nimemweka mama mjamzito barabarani wiki nzima. Namwomba radhi, ila lawama azipeleke zinakohusika. Barabara sikuifunga mimi. Ameifunga trafiki wa makutano, yule mwenye glavu nyeupe, tangu saa tatu asubuhi, kwa sababu Mheshimiwa atapita. Sasa ni saa nne na robo. Mheshimiwa bado yuko kwake, amesimama mbele ya kioo anachagua tai.

Aliyelikosa gazeti la wiki jana naye asibaki nyuma. Mama mwenyewe ni mshonaji, na hii ni mimba yake ya kwanza. Chupa imepasuka wiki tatu kabla ya siku, na kitovu cha mtoto kimetangulia. Kichwa kikishuka kitakibana kitovu, na mtoto atakosa hewa kabla hajaiona dunia. Ndiyo maana mama amepiga magoti juu ya machela, uso chini, makalio juu, na mkunga ameingiza vidole viwili kukizuia kichwa kisishuke. Vidole hivyo havitoki mpaka chumba cha upasuaji. Dakika ishirini zimepita na mkono umeanza kufa ganzi.

"Kinapiga?" mume wa mshonaji aliuliza. Alikuwa anauliza kila dakika.

"Kinapiga," mkunga alijibu. Alikuwa anakisikia kitovu kikidunda kwenye vidole vyake.

Mume huyo mnamjua. Ni Fundi Kelele, aliyefunga ving'ora vyote vya mji huu. Vya polisi ni vyake, vya zimamoto ni vyake, na vya wale wasiostahili, ambao siku hizi wamewazidi wanaostahili, ni vyake pia. Hata mwenye duka la magodoro anacho. Anachokiwahi hatukijui, maana sijasikia godoro limezidiwa.

Taratibu alifungua mlango ashuke akatazame nyaya.

"Usijisumbue," Fundi Kelele alisema taratibu sana. "Hakipo."

"Hakipo nini?"

"King'ora. Nimekitoa leo asubuhi."

Taratibu aligeuza shingo. Mkunga naye aligeuza shingo, ila mkono haukutikisika.

"Umekitoa ukakipeleka wapi?"

"Kwenye gari la Mheshimiwa. Cha kwake kiliungua juzi."

Kiliungua kwa kulizwa kutwa. Mheshimiwa akienda kunyoa, kinalia. Akienda kula, kinalia. Akirudi kulala, kinalia zaidi, ili majirani wajue kwamba sasa ni wakati wa utulivu. Kitu gani kitavumilia hayo.

"Nani alikuruhusu?" Taratibu aliuliza.

"Katibu wa hospitali ndiye aliyenituma. Alisema ni kwa siku moja. Alisema leo ambulensi haina kazi, wagonjwa wameambiwa wasije, kuna ufunguzi."

Ni kweli, wagonjwa walibandikiwa tangazo getini. Hospitali yetu ina chumba kipya cha upasuaji. Kilikamilika miezi mitano iliyopita, taa zake zinawaka na vitanda vyake vinapanda na kushuka. Mlangoni kimefungwa utepe, na utepe unasubiri mkasi wa Mheshimiwa. Chumba cha zamani kilivunjwa siku utepe ulipofungwa. Kwa miezi mitano, basi, mji mzima umeombwa usiumwe tumbo.

Mshonaji aliinua uso kidogo kutoka kwenye mto.

"Mume wangu."

"Naam."

"Umetoa king'ora cha ambulensi?"

"Nilidhani ni siku moja tu."

"Ndiyo hii."

Fundi Kelele aliinamisha kichwa. Aliona haya, tena haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani sakafu ya gari itoboke. Sikuandika neno hilo nimwonee. Alistahili.

"Kinapiga?" aliuliza.

"Kinapiga. Lakini si kama mwanzo."

Hapo Taratibu akakumbuka spika. Juu ya paa la ambulensi kuna spika ya matangazo ya chanjo, na maikrofoni yake imening'inia karibu na usukani. Aliinyakua.

"Ndugu madereva, tunaomba njia. Tuna mgonjwa mahututi."

Dereva wa pikapu iliyokuwa mbele alitoa kichwa nje. "Hata sisi foleni inatuua," alisema, akarudisha kichwa ndani na kupandisha kioo.

"Lete," Fundi Kelele alisema.

Aliipokea maikrofoni kupitia kidirisha kinachotenganisha mbele na nyuma, akakohoa, akaanza kulia.

Usicheke, msomaji. Au cheka, lakini usikilize. Fundi huyu huwauzia wateja kwa mdomo. Mtu akifika karakana na kuuliza king'ora hiki kinaliaje, fundi hahangaiki na betri, anamlizia mwenyewe. Milio yake ina majina. Ule wa kupanda na kushuka polepole anauita Mgonjwa. Ule wa kubweka harakaharaka anauita Mwizi. Ule wa pa-po, pa-po anauita Moto. Na wa nne haupigiwi kila mteja.

Alipiga Mgonjwa. Aliupiga vizuri mno, ukapanda mpaka juu ukashuka ukitetemeka. Paka aliyelala juu ya ukuta aliruka akakimbia.

Magari hayakutikisika. Pikapu ndiyo iliyosogea, tena mbele, kuziba kijinafasi kilichobaki, isije ambulensi ikajipenyeza. Mwanamke mmoja alitazama saa yake. Mji huu umeshamsikia Mgonjwa akilia kwenye magari ya magodoro, ya arusi na ya watu wanaowahi mpira. Siku hizi Mgonjwa akilia, watu wanaendelea kutafuna.

"Jaribu mwingine," Taratibu alisema.

Akapiga Moto. Mtu mmoja akanusa hewa, asisikie moshi, akaendelea na mambo yake.

"Fundi," mkunga alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lia kama mkubwa."

Fundi Kelele alishusha maikrofoni. "Siwezi. Niliwekewa karatasi nikatia sahihi. Mlio ule ukisikika mahali ambapo Mheshimiwa hayupo, ni mimi nakwenda jela. Karatasi haina jina la mtu mwingine."

"Sawa," mkunga alisema. "Ila vidole vyangu vikiachia, hakuna karatasi ya kutia sahihi."

"Kinapiga?"

Safari hii mkunga alifumba macho. Akasikiliza kwa vidole.

"Kinapiga kwa mbali."

Fundi Kelele akapiga moyo konde.

"Kwa-kwa-kwaaa. Wiu-wiu-wiu-wiu. Mmmmmh."

Huo ndio wa nne. Mngurumo wa mwisho uliombwa na Mheshimiwa mwenyewe, ili watu wajue amekasirika hata siku ambayo hajakasirika.

Pikapu ilipanda kibarazani. Teksi ikaingia mtaroni kwa hiari yake. Mwanamke wa saa alirudi nyuma bila kutazama, akamgonga aliyekuwa nyuma yake, na wote wawili wakaombana radhi kwa ishara wasije wakasikika. Foleni iliyokataa kumpisha mtoto ilipasuka katikati kwa sekunde kumi. Mwenye duka la magodoro alikuwemo, na gari lake lilikuwa la kwanza kuukwea ukuta wa bustani.

"Ona hawa," Taratibu alisema, akakanyaga mafuta.

Kwenye makutano, trafiki wa glavu nyeupe aliusikia mlio akakaza magoti. Amri ya kazi yake ni kwamba Mheshimiwa hatazamwi. Basi alipiga saluti, akakodolea viatu vyake, na magurudumu manne ya ambulensi yakapita mbele ya viatu hivyo. Vumbi lilipotulia akainua redio ya mkononi.

"Amepita," alisema. "Jiandaeni."

Barabara kuu ilikuwa tupu, imefagiliwa, imemwagiwa maji. Taratibu alipata jina lake kwa miaka kumi na tisa ya kuogopa mashimo, lakini asubuhi ile aliliweka jina hilo kando. Nyuma Fundi Kelele aliliza bila kupumzika, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamchuruzika mpaka kwenye maikrofoni.

"Kwa-kwa-kwaaa. Wiu-wiu. Mmmmh."

"Endelea," mkunga alisema. "Endelea, kaka yangu."

Kona ya mwisho kabla ya hospitali, zikiwa zimebaki kama mita mia mbili, koo likakauka. Fundi alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu yenye mchanga.

Mbele yao geti lilikuwa limeshushwa. Mlinzi wa geti aliona ambulensi inakuja kimya, akaanza kupunga mkono kwa hasira. Ambulensi hupita mlango wa nyuma. Na mlango wa nyuma leo ulikuwa umefungwa kwa kufuli, ili usiharibu picha.

"Fundi, lia," Taratibu alisema.

Fundi alishika koo na kutikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Lete hiyo," mshonaji alisema.

Wote walimtazama.

"Lete. Miaka minne nimekula chakula cha usiku na mlio huo. Amenifanyia mazoezi mezani, amenifanyia bafuni. Lete."

Uchungu ulikuwa unamjia wakati huohuo. Fundi alimsogezea maikrofoni mdomoni, na mshonaji, akiwa amepiga magoti, uso chini, aliusukuma uchungu wote ule ndani ya spika ya chanjo.

"Kwa-kwa-kwaaa."

Niwaambie ukweli, Mheshimiwa hajawahi kulizwa namna ile. Mngurumo wa mwisho ulitoka mbali sana, na haukuwa wa kuigiza. Geti likaruka juu kabla hata mlinzi hajaamua. Alipiga saluti, akalifunga nyuma yao kwa makufuli mawili, kama alivyoagizwa afanye Mheshimiwa akishaingia.

"Nikitoka hapa," mshonaji alimwambia mumewe, akihema, "nina neno na wewe."

Uwanja wa hospitali ulikuwa umesimama. Bendi ya tarumbeta ilikwisha kusikia "amepita" kwenye redio, ikasikia na mlio wenyewe getini, ikaanza kupuliza. Watu waliinuka wakapiga makofi. Katibu wa hospitali alikuwa mwanzo wa zulia jekundu, ameshainama mpaka kiunoni na mkono mmoja kifuani, na aliendelea kuinama mlango wa gari ulipofunguliwa. Alipoinua kichwa hakumkuta Mheshimiwa. Alikutana na machela, shuka, na makalio ya mshonaji yameelekea mbinguni.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni mgonjwa," Taratibu alisema. "Ulisema wasije, ila huyu hakusoma tangazo."

Machela ilishuka kwenye zulia. Mkunga alitembea kando yake akiwa ameinama, mkono hauonekani, mguu mmoja hauna kiatu. Bendi haikujua iache au iendelee, ikaendelea.

Daktari wa upasuaji alikuwa kwenye mstari wa mapokezi, wa tano, baada ya mhasibu na baada ya bwana wa itifaki. Walimvisha ua kifuani na kumwambia atabasamu. Aliangalia machela mara moja tu.

"Kitovu?"

"Kitovu," mkunga alisema. "Kilikuwa kinapiga. Sasa sina uhakika kama ni chenyewe au ni mkono wangu."

Daktari alichomoa ua, akamkabidhi mhasibu.

"Fungueni mlango."

Katibu alitangulia mbio, akasimama mbele ya utepe akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Daktari, mkasi bado. Mkasi uko kwa Mheshimiwa, juu ya kimto chake cha sherehe. Dakika tano tu. Tumengoja miezi mitano, dakika tano zitatuua?"

"Sisi hapana," daktari alisema, akasukuma.

Katibu aliruka pembeni. Utepe haukuruka. Ulinunuliwa mzuri, mpana, wa hariri. Ulivutika na machela, nguzo mbili za maua zikaanza kuburuzwa, na mlango ukagoma kufunguka kwa sababu kitasa nacho kilikuwa kimezungushiwa. Machela ikakwama. Uso wa mshonaji ukawa umegusa utepe kabisa.

Sasa nyinyi mliowahi kukaa karibu na cherehani mnajua mshonaji akikosa mkasi anafanyaje.

Aliuma ukingo wa utepe kwa meno ya mbele, mara moja, pale pembeni ambapo kitambaa huanza kukubali. Kisha akaushika kwa vidole viwili akauchana mpaka upande wa pili, umenyooka kama alioupimia futi.

Watu waliuona utepe umekatika. Ratiba iliyogawiwa mlangoni ilisema: utepe ukatwe, makofi. Wakapiga makofi. Bendi ikapuliza wimbo wa pili. Mpiga picha, ambaye hufanya alichoelezwa, akapiga picha.

Machela iliingia, daktari akaingia, mkunga akaingia na vidole vyake. Mlango ukafungwa usoni mwa Fundi Kelele. Taa nyekundu juu yake ikawaka kwa mara ya kwanza tangu itoke kwenye boksi.

Huku nje mambo yakageuka.

Mheshimiwa alifika. Tai ilikwisha kupatikana, ya bluu. Alikuta barabara kuu imejaa magari, maana trafiki alikwisha kuifungua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uongozi alikaa kwenye foleni dakika saba. Alifika getini amevimba. Mlinzi alimtolea kichwa kwenye tundu.

"Geti limefungwa. Mheshimiwa ameshaingia."

"Mheshimiwa ni huyu hapa," dereva wake alisema.

"Mimi nimemsikia mwenyewe. Tena leo amelia vizuri kuliko siku zote. Nyinyi ni akina nani?"

Dereva alishusha kioo cha nyuma ili mlinzi aone uso. Mlinzi alitazama chini haraka. Hakuajiriwa kutazama nyuso za wakubwa, na baada ya miaka sita ya kutazama chini, uso ule haukumwambia kitu. Alichokuwa anakijua ni mlio.

"Lizeni," Mheshimiwa alisema kutoka kiti cha nyuma. "Lizeni vyote. Msiache mpaka geti lifunguke."

Magari tisa yakaliza kwa pamoja. Madirisha ya wodi yalitetemeka. Bendi iliweka tarumbeta chini.

Kule ndani, Fundi Kelele alikuwa amebandika sikio kwenye mlango wa upasuaji. Kabla ya kelele alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia chuma kikiwekwa kwenye sinia. Alisikia daktari akisema, "Kisu." Alisikia mkunga akiambiwa, "Sasa achia," na akamsikia mkunga akilia. Akasikia maneno mawili ya daktari: "Ametoka. Mfuteni."

Baada ya maneno hayo mtoto hulia. Mtu yeyote anajua, hata fundi wa ving'ora. Alizuia pumzi ili asikie.

Ndipo magari tisa yalipoanza.

Alibana sikio kwenye mbao mpaka likauma. Hakusikia kitu. Huenda mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na huenda hakuwa analia kabisa. Katikati ya milio tisa aliutambua mmoja, ule wa juu kuliko yote, unaokwaruza kidogo mwishoni. Ulikuwa wa ambulensi. Aliufunga mwenyewe asubuhi ile, akaukaza, akaujaribu, akauona uko sawa.

Alitaka kupiga kelele wanyamaze. Koo lilikuwa limekwisha. Alimgeukia Taratibu, akaonyesha mlango, akaonyesha sikio, akaonyesha geti.

"Sikusikii," Taratibu alisema. "Sema kwa nguvu."

Fundi Kelele aliingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake ya kazi, akatoa koleo. Waya mwekundu wa king'ora kile alijua umepita wapi. Alipita juu ya zulia jekundu, akakanyaga kipande cha utepe, akaelekea getini, na walinzi sita wa Mheshimiwa wakamwona anakuja na kitu cha chuma mkononi, hasemi neno.